Jinsi ya kujifunza gitaa la Elizabeth Cotten kutoka albamu yake ya 1958: mwongozo kamili

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye gitaa moja kavu, lisilo la umeme, anayejua kubonyeza kodi tano au sita na kucharaza nyimbo za kwaya, lakini kila akijaribu kupiga kwa vidole mkono wa kulia unagoma. Mimi nilikaa hapo miaka mitatu. Kilichonitoa ni albamu moja, Folksongs and Instrumentals with Guitar ya Elizabeth Cotten, mpiga gitaa wa Marekani, iliyotolewa na kampuni ya rekodi ya Folkways ya New York mwaka 1958. Ukiitafuta leo mtandaoni itafute kwa jina la toleo jipya la 1989, Freight Train and Other North Carolina Folk Songs and Tunes, la Smithsonian Folkways. Ni rekodi zilezile.

Nilichopotezea muda ni kuanza na melodi. Nilisikia wimbo mtamu ukielea juu, nikaukimbilia, na kila nilipoongeza besi chini yake vyote viwili vilianguka. Albamu hii inajengwa kama nyumba, kutoka chini. Ukiweza besi ikatembea yenyewe huku unaongea na mtu, melodi itakuja bila ugomvi. Hatua zote hapa chini zinafuata kanuni hiyo, na ninakuomba usiziruke hata kama mkono wako una haraka.

Mjue kwanza aliyepiga

Sehemu hii si ya kupamba. Namna Cotten alivyoshika gitaa ndiyo inayoeleza kwa nini albamu inasikika hivyo, na namna hiyo ilitokana na maisha yake.

Alizaliwa Januari 1893 Carrboro, jirani na Chapel Hill, katika jimbo la North Carolina. Reli ilipita karibu na kwao, na treni hizo ndizo zilizoingia katika wimbo wake maarufu, Freight Train, yaani treni ya mizigo. Kaka yake alikuwa na banjo. Kaka akienda kazini, mdogo mtu anaichukua kwa siri na kuipiga. Shida ni kwamba Cotten alikuwa mashoto, na chombo kilifungwa nyuzi kwa ajili ya mtu wa mkono wa kulia. Hakuwa na ruhusa ya kubadilisha nyuzi za mwenyewe, basi akakigeuza tu kichwa chini miguu juu na kujifunza hivyohivyo, peke yake.

Akaacha shule akiwa mdogo, akaingia kazi za ndani kwa mshahara wa kama dola 1 kwa mwezi. Akadunduliza mpaka akanunua gitaa lake la kwanza, Stella, kwa dola 3.75. Fanya hesabu: ni karibu miezi minne ya kuosha na kupika nyumbani kwa watu. Gitaa hilo nalo akalipiga limegeuzwa. Wimbo wa Freight Train aliutunga akiwa na umri wa kama miaka 11 au 12.

Kisha likaja jambo ambalo msomaji wa Kiswahili halihitaji kuelezwa sana. Akaolewa bado binti mdogo, akawa mtu wa kanisa, na kanisani akaambiwa nyimbo zile ni za dunia. Akaliweka gitaa chini. Miaka ikapita, miongo ikapita. Katika miaka ya 1940 alikuwa Washington akifanya kazi katika duka kubwa, na siku moja akamkuta mtoto aliyepotea humo ndani, akamrudisha kwa mama yake. Mama huyo alikuwa Ruth Crawford Seeger, mtunzi wa muziki, na mtoto alikuwa Peggy Seeger, ambaye baadaye akawa mwimbaji mashuhuri. Cotten akaajiriwa kwao kama mfanyakazi wa nyumbani. Nyumba yenyewe ilijaa vyombo vya muziki. Kulikuwa na gitaa ukutani, na siku moja wakamkuta ameliteremsha na anapiga.

Mike Seeger, kaka yake Peggy, akamrekodi kwa mashine ya tepu mwishoni mwa 1957 na mwaka 1958, nyumbani kwa Cotten mwenyewe. Hakukuwa na studio, bendi wala mwangwi wa kuongezwa. Cotten alikuwa na kama miaka 65. Mwaka 1985, akiwa na miaka 92, alipata tuzo ya Grammy kwa albamu ya jukwaani. Alifariki 1987.

Sasa rudi kwenye gitaa lililogeuzwa. Kwenye gitaa la kawaida nyuzi nene za besi ziko juu, karibu na uso wa mpigaji, na gumba ndilo linalozipiga. Kwa Cotten nyuzi nene zilikuwa chini. Kwa hiyo besi aliipiga kwa vidole, na melodi aliipiga kwa gumba. Ndiyo maana besi yake ni nyepesi, haigongi, na melodi yake ni nene na ya mviringo, kwa sababu nyama ya gumba ni pana kuliko ncha ya kidole. Ukishalijua hilo utaacha kujilaumu kwa nini gitaa lako halitoi sauti ileile, na utajua la kurekebisha: punguza nguvu za gumba, ongeza nyama ya kidole.

Hatua ya 1: Sikiliza siku saba bila kugusa gitaa

Najua hakuna anayependa hatua hii. Ifanye tu.

Pakua nyimbo chache ukiwa na bando au ukiwa mahali penye mtandao wa bure, usitegemee kuzisikiliza moja kwa moja maana utarudia mara nyingi. Tumia visikizi, si spika ya simu, kwa sababu spika ya simu inakula besi, na besi ndiyo unayoitafuta. Siku mbili za kwanza sikiliza albamu nzima kama unavyosikiliza redio ukiwa na shughuli zako. Siku ya tatu chagua Freight Train peke yake. Pigapiga gumba lako juu ya meza kufuata sauti za chini: dum, dum, dum, dum. Usizifuate zile za juu. Zikikuvuta, funga macho, rudi chini.

Utagundua besi inaruka kati ya sauti mbili, moja nzito na moja iliyo juu yake kidogo, kama mtu anayetembea: kulia, kushoto, kulia, kushoto. Haisimami anapoimba, anapovuta pumzi wala beti zinapobadilika. Huu ndio mtindo wa eneo linaloitwa Piedmont, nchi iliyo kati ya milima ya Appalachia na tambarare za pwani ya Atlantiki, kuanzia Virginia kushuka mpaka Georgia. Wapigaji wa huko walikuwa wanasikia piano za ragtime, muziki wa kuchezesha wenye midundo ya kurukaruka, na wakaupeleka mkono wa kushoto wa mpiga piano kwenye gumba la mpiga gitaa. Blind Boy Fuller aliyeishi Durham, karibu kabisa na Chapel Hill, alipiga hivyo. Etta Baker, mwanamke mwingine wa North Carolina, alipiga hivyo. Ni bluzi, muziki wa Wamarekani Weusi, lakini ni tofauti na ya Mississippi iliyo nzito na yenye kilio kikali. Hii ya Piedmont inacheka hata ikiwa na majonzi.

Ukifika siku ya saba gumba linapiga meza bila wewe kulifikiria, uko tayari.

Hatua ya 2: Andaa gitaa

Gitaa la bei ya chini linatosha, mradi nyuzi zisiwe mbali na shingo. Pima kwenye freti ya 12: nafasi kati ya uzi wa 6 na freti ikizidi milimita 3, mpelekee fundi aishushe, la sivyo vidole vitauma na utaamini huna kipaji. Wengi wameacha gitaa kwa sababu hiyo tu.

Funga nyuzi za chuma nyembamba, zile ambazo uzi wa 1 una namba 11 au 12. Kama unaishi Tanga, Mombasa, Unguja au popote chumvi ya bahari inapofika, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga. Hewa ya pwani inazila nyuzi kwa wiki chache, na uzi wenye kutu hauwezi kuimba.

Tuni kawaida, kutoka uzi wa 6 ulio mnene mpaka wa 1: E, A, D, G, B, E. Kisha linganisha na rekodi. Ikiwa rekodi iko juu au chini kidogo ya gitaa lako, kaza au legeza nyuzi zako ziifuate, kwa sababu huwezi kujifunza kwa sikio huku sauti mbili zinagombana.

Kama wewe ni mashoto

Unazo njia tatu. Unaweza kujifunza kwa mkono wa kulia kama wengine, unaweza kufunga nyuzi kinyume, au unaweza kugeuza gitaa kama Cotten. Nyumbani kwetu mtoto mashoto alichapwa kiganja ili ale kwa mkono wa kulia, kwa hiyo suala hili naliona kwa uchungu kidogo. Ushauri wangu: kama gitaa ni lako peke yako, funga nyuzi kinyume, utafuata maelekezo yote ya hapa bila kubadilisha kitu ila kulia na kushoto. Kama gitaa ni la kanisa au la kuazima na hairuhusiwi kugusa nyuzi, ligeuze kama alivyofanya yeye. Pale ninaposema gumba utatumia kidole cha shahada, na pale ninaposema kidole utatumia gumba. Kodi nazo utazishika kwa umbo lililogeuka. Ni njia ndefu, lakini ndiyo iliyozaa albamu hii.

Hatua ya 3: Gumba peke yake

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa nitakaa kuliko kwingine.

Shika kodi ya C: kidole cha pete uzi wa 5 freti ya 3, cha kati uzi wa 4 freti ya 2, cha shahada uzi wa 2 freti ya 1. Laza ukingo wa kiganja cha kulia kidogo sana juu ya nyuzi nene, pale zinapokutana na daraja. Nyuzi zitatoa sauti fupi, kavu, kama mtu anayegonga mlango kwa adabu. Ukibana sana sauti inakufa. Ukiachia kabisa inavuma na kufunika melodi.

Sasa gumba lipige uzi wa 5, kisha wa 4, kisha wa 5, kisha wa 4. Hesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Weka programu ya mapigo kwenye simu, mapigo 60 kwa dakika. Gumba litoke kwenye kiungo cha chini, karibu na kiganja, si kwa kukunja ncha. Mkono usiruke. Nilipokuwa najifunza niliweka sarafu mgongoni mwa kiganja. Ikianguka najua mkono umeruka.

Piga dakika tano bila kubadilisha kodi, inatosha kwa siku ya kwanza.

Siku ya pili ongeza kodi zilizobaki. Kila moja ina njia yake ya gumba:

C: nyuzi 5, 4, 5, 4.
G7: nyuzi 6, 4, 6, 4. Cha pete uzi wa 6 freti ya 3, cha kati uzi wa 5 freti ya 2, cha shahada uzi wa 1 freti ya 1.
E: nyuzi 6, 4, 6, 4. Cha kati na cha pete nyuzi 5 na 4 freti ya 2, cha shahada uzi wa 3 freti ya 1.
F ndogo: nyuzi 4, 3, 4, 3. Cha pete uzi wa 4 freti ya 3, cha kati uzi wa 3 freti ya 2, cha shahada kilale juu ya nyuzi 2 na 1 freti ya 1.

F huwatoa watu jasho. Kuna njia nyingine, ya kupitisha gumba la mkono wa kushoto juu ya shingo libonyeze uzi wa 6 freti ya 1, na besi ikawa 6, 4, 6, 4. Inasikika vizuri zaidi kwa sababu besi inabaki nzito. Ila kama mkono wako ni mdogo usijitese, F ndogo inatosha kabisa.

Sasa mpangilio wa wimbo. Freight Train haifuati ule mzunguko wa vipimo 12 ambao watu wanaujua kuwa ndio bluzi. Una vipimo 16, kila kimoja mapigo manne:

C, C, G7, G7
G7, G7, C, C
E, E, F, F
C, G7, C, C

Maana yake gumba linapiga mara 64 katika mzunguko mmoja, na hakuna hata pigo moja la kupumzika. Sikiliza E inapoingia katika mstari wa tatu. Baada ya C na G7 za kawaida, ile E inafungua mlango ambao sikio halikuutarajia, na F inaupokea. Kwangu hapo ndipo moyo wa wimbo ulipo, na ni msichana wa miaka 11 au 12 aliyepasikia.

Piga mizunguko kumi kila siku, gumba tu, kwa wiki mbili. Kosa la kawaida ni gumba kusita kodi zinapobadilika. Dawa yake: ukifika mwisho wa kipimo, acha kodi ije na makosa lakini gumba lisisimame. Afadhali sauti mbaya kwa wakati kuliko sauti nzuri iliyochelewa. Baada ya wiki mbili jaribu kumsalimia mtu anayepita na kumjibu habari za nyumbani huku unapiga. Gumba likisimama ukisema "salama", bado. Likiendelea, hongera, songa mbele.

Pembeni kidogo. Kama umewahi kumsikia Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga huko Kongo, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, mkono wako tayari una ndugu. Mwenda naye alipiga kwa gumba na kidole cha shahada tu, besi ikizunguka chini, melodi ikicheza juu. Midundo yake ni mingine kabisa, na sitasema mmoja alimfundisha mwenzake, lakini mtu aliyekua akisikia magitaa ya Katanga ana sikio ambalo limeshazoea gitaa moja linaloongea kwa sauti mbili. Litumie.

Hatua ya 4: Kidole kimoja, kisha viwili

Rudi kwenye C peke yake. Gumba linatembea 5, 4, 5, 4. Kidole cha shahada kimewekwa uzi wa 2, cha kati uzi wa 1.

Zoezi la kwanza: kwenye "moja" piga gumba na kidole cha shahada kwa pamoja, kama unabana chumvi. Mapigo mengine gumba tu. Rudia mpaka besi isibadilike hata kidogo kidole kinapoingia. Gumba litataka kupiga kwa nguvu zaidi likipata mwenzake, likatae.

Zoezi la pili hesabu hivi: moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Gumba liko kwenye namba. Kidole cha kati kipige uzi wa 1 kwenye ile "na" iliyo kati ya mbili na tatu. Hapa ndipo mkono wa wengi unapovunjika, kwa sababu kidole kinataka kupiga pamoja na gumba. Punguza mapigo mpaka 45 kwa dakika kama inabidi. Sema "na" kwa sauti ya juu kuliko namba. Siku moja, kwangu ilikuwa asubuhi moja kabla ya kwenda kazini, kitu kitafunguka na utasikia gitaa lako mwenyewe kana kwamba linapigwa na watu wawili.

Zoezi la tatu ni kuchanganya: shahada kwenye "moja", kati kwenye "na" ya mbili, shahada kwenye "na" ya tatu. Kisha hamia G7, E, F.

Kutosha. Usitafute mazoezi mengine kumi, haya matatu yanabeba karibu albamu nzima.

Hatua ya 5: Itafute melodi kwa mdomo

Usichukue karatasi ya namba za freti mtandaoni kwanza. Uimbe wimbo, au uuvumishe kwa pua, huku gumba likipiga. Kisha tafuta sauti ya kwanza ya melodi kwenye nyuzi 1, 2 na 3, ukiwa umeshika kodi yake. Sauti nyingi ziko tayari ndani ya umbo la kodi. Zilizobaki zinahitaji uinue kidole kimoja au utumie kidole cha mwisho kufikia freti ya 3 ya uzi wa 1 au wa 2. Kwa hiyo kidole cha mwisho kisijikunje ndani ya kiganja. Kikae wazi, karibu na nyuzi, kikisubiri zamu yake.

Weka melodi kwanza pamoja na gumba, pigo kwa pigo, hata ikisikika ngumu kama wimbo wa watoto wa chekechea. Baada ya hapo sikiliza rekodi kwa mwendo wa robo tatu. Programu nyingi za kusikiliza muziki zinaruhusu hilo. Tafuta sauti ambazo Cotten anaziwahisha, zinazoingia kwenye "na" kabla ya pigo. Sogeza moja. Piga siku mbili. Sogeza nyingine. Ukizisogeza zote kwa siku moja utarudi kwenye vurugu.

Nina ombi moja hapa: usiukimbize. Vijana wengi wanaonyesha ufundi kwa kuupiga wimbo huu kasi. Sikiliza tena mama mwenyewe, haharakishi popote. Wimbo ni wa mtu anayewaza kifo chake na kuomba azikwe mahali ambapo atasikia treni ikipita. Mtu anayewaza hayo hakimbii.

Hatua ya 6: Sauti yako

Sauti ya Cotten kwenye albamu ni ya mama wa miaka 65 anayeimba chumbani. Haipandi juu, haipambi, mara nyingine inayumba kidogo, na gitaa mara nyingi linafuata sauti zilezile anazoimba. Hilo ni faraja kubwa kwa mwanafunzi: ukishajua melodi kwa vidole, koo ina pa kushikilia.

Fuata ngazi hizi. Soma maneno kama mazungumzo juu ya besi. Kisha imba juu ya besi tupu, bila melodi ya vidole. Kisha imba na melodi. Ukikwama, shuka ngazi moja. Ikiwa C iko chini mno kwa sauti yako, weka kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni, freti ya 2 au ya 3, maumbo ya kodi yanabaki yaleyale.

Ukitaka kuimba kwa Kiswahili, tunga maneno yako mwenyewe juu ya mtindo huu badala ya kutafsiri ya kwake. Na popote utakapoimba wimbo wake, jukwaani au kwenye video, taja jina lake. Freight Train ilifika Uingereza katika miaka ya 1950 kupitia kwa Peggy Seeger, ikawa maarufu huko mwaka 1957 ikiwa imeandikishwa kwa majina ya watu wengine, na ilichukua muda mpaka utunzi wake ukatambuliwa. Mtu aliyenunua gitaa kwa mshahara wa dola 1 kwa mwezi hastahili kuporwa mara ya pili na sisi wapenzi wake.

Hatua ya 7: Nyimbo zinazofuata

Baada ya Freight Train nenda Going Down the Road Feeling Bad. Ni wimbo wa zamani wa watu wote, kodi chache, na utakuzoesha kupiga muda mrefu bila kuchoka. Kisha Oh Babe It Ain't No Lie, ambao Cotten aliutunga baada ya jirani mtu mzima kumsingizia uongo, yeye akaadhibiwa. Kwangu ndio wimbo bora kuliko wote kwenye albamu, bora hata kuliko ule wa treni. Besi ni ileile, lakini melodi inasitasita, kama mtoto anayejitetea na hakuna anayemsikiliza. Jipe mwezi mzima.

Wilson Rag iache mwisho. Inafurahisha lakini vidole vinahitaji kuwa vimeiva.

Hatua ya 8: Tuni mbili za kale

Vastopol na Spanish Flang Dang hazipigwi kwa tuni ya kawaida. Majina yenyewe yana safari. Katika karne ya 19 Henry Worrall wa Marekani alichapisha vipande viwili vya gitaa, kimoja kikiwa na jina la mji wa Sebastopol na kingine Spanish Fandango, kila kimoja na tuni yake. Vikazunguka kutoka sebuleni kwa wenye nacho mpaka kwenye vibaraza vya wakulima Weusi, kwa masikio tu, na majina yakapinda mdomoni, kama sisi tulivyolichukua neno la Wajerumani tukapata "shule".

Kwa Vastopol anza na gitaa lililotuniwa kawaida. Shusha uzi wa 6 kutoka E mpaka D, uzi wa 3 kutoka G mpaka F kali (F#), uzi wa 2 kutoka B mpaka A, uzi wa 1 kutoka E mpaka D. Nyuzi 5 na 4 usiziguse. Sasa nyuzi zote wazi ni kodi ya D, na gumba linaweza kutembea 6, 4, 6, 4 bila mkono wa kushoto kushika kitu. Utasikia tumbo la gitaa likitetemeka kifuani mwako. Chombo chote kinaimba kwa pamoja, na melodi unaitafuta kwenye uzi wa 1 na wa 2 kwa kidole kimoja au viwili.

Ukishiba hapo, hama kwenda Spanish kwa kubadilisha nyuzi tatu tu: uzi wa 5 shusha kutoka A mpaka G, uzi wa 3 pandisha kutoka F kali mpaka G, uzi wa 2 pandisha kutoka A mpaka B. Pandisha taratibu, na uwe na uzi wa akiba. Nyuzi wazi sasa ni kodi ya G, na sauti mama ya besi imehamia uzi wa 5, kwa hiyo gumba litembee 5, 4, 5, 4. Siku mbili za kwanza litapiga uzi wa 6 kwa mazoea, litarekebika. Spanish Flang Dang ina mwendo wa upole kuliko nyimbo zote za albamu. Isikilize jioni moja kabla hujaigusa, na ukiigusa anza na gumba peke yake.